Kichwa Kimekauka? Nenda Ukaulize Wapishi

Tangu nilipoweka picha za vitambaa vya meza nilivyochapia hoteli moja ya Zanzibar, simu yangu haitulii. Wengi wanaulizia bei (nitawajibu, subirini), lakini ujumbe ulionigusa ni wa binti mmoja anayesomea ubunifu wa mavazi huko Morogoro. "Shikamoo dada. Nakaa na karatasi mpaka usiku wa manane, kichwa kimekauka. Wewe mawazo unayatoa wapi? Unatumia programu gani?"

Marahaba mdogo wangu. La programu tuliache. La mawazo nina mengi ya kusema, na nina sababu zangu za kuyasema kwa kirefu.

Ile nakshi ya njano na chungwa juu ya kitambaa cheupe, ambayo wageni wa hoteli sasa wanaipiga picha kabla ya kula, imetoka kwenye sinia la biriani. Tulikuwa harusini Tanga, upande wa wanawake, tumekaa mkekani tumelizunguka sinia. Wenzangu wananawa mikono, mimi nimekodolea wali macho. Biriani ya kwetu pwani mnaijua: wali mbali, mchuzi mbali, na wali wenyewe haukolei rangi wote. Punje nyingi nyeupe, hapa kundi la njano, pale la chungwa, halafu mojamoja zilizopotea njia. Hakuna pembe ya sinia inayofanana na nyingine, na jicho halichoki. Nikajiambia, hivi mtu akinipa kalamu nitawanye nukta namna hii, nitaweza? Sitaweza. Nitazipanga tu. Mkono uliosomea ubunifu una tabia mbaya ya kupanga.

Shangazi akanigonga bega: "Mwanangu, wali unaliwa, hautazamwi."

Nikala, tena nikala vizuri. Kisha nikazunguka uani kwa wapishi. Nikamkuta mzee mmoja amekaa juu ya kreti la soda, jasho linamtoka. Shikamoo mzee, hii rangi mnaitiaje? Akacheka kwanza, nadhani alifikiri nataka kumwibia kazi. Kisha akaeleza. Wali ukishachemka na kuchujwa maji unarudishwa sufuriani. Rangi imekorogwa pembeni. Mwenye uwezo wake anatumia zafarani na maji ya mawaridi. Inanyunyizwa juu, mahali pachache tu, halafu wali unafunikwa na kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Rangi inashuka yenyewe. "Ukikoroga umeharibu," alisema. "Kugeuza ni wakati wa kupakua."

Basi nikarudi nyumbani na sikuchora kitu. Nilimwaga mchele kwenye sinia, nikanyunyiza rangi ya chakula mahali patatu, nikaacha ikauke, nikageuza kwa upawa kama mzee alivyofanya, nikapiga picha. Picha hiyo ndiyo iliyozaa skrini mbili za kuchapia (zile fremu zenye kitambaa chembamba cha kupitishia wino), moja ya njano na moja ya chungwa. Kutafuta wino usiochuja, kugombana na fundi, kuhesabu gharama, hayo hayana utamu, tuyaruke.

Sasa niwaambie kwa nini oda hii imenitoa machozi. Zamani kidogo niliajiriwa kwenye ofisi moja ya matangazo hapa Dar, jina nalihifadhi. Siku moja nilipeleka michoro iliyotokana na visheti na vileja, yaani umbo la kile kisheti kilichojikunja na mipasuko ya juu ya kileja. Mkubwa wangu akaishika kwa ncha za vidole, akasema mbele ya wateja, "Haya mambo ya jikoni kayapike kwenu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda kulia msalani. Walichochagua badala yake ni picha za nyumba za Ulaya: ukuta mweupe, kiti kimoja, mmea mmoja. Sina ugomvi na ukuta mweupe. Lakini miaka imepita na maneno yale bado nayasikia, na mwezi huu mambo ya jikoni yametandikwa mezani kwa watu waliopanda ndege kuja kuyaona. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Ndugu zangu tunaotaka kuishi kwa kazi za mikono na macho, nisikilizeni. Kitu kizuri ukikitazama tu, kinakufurahisha kisha kinapita. Ukiuliza kimetengenezwaje, kinakuachia kitu cha kufanyia kazi. Simu zenu zimejaa picha mlizohifadhi na hamjawahi kuzifungua tena. Nenda, gusa, uliza.

Chukua kanga iliyo kwenye kamba sasa hivi. Ina pindo, ina mji (ile sehemu ya katikati), ina jina (ule msemo wake). Ukubwa wake ni sentimeta 150 kwa 110 hivi, na inauzwa kwa doti. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zinajulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", anatajwa sana kati ya walioeneza desturi ya kuandika misemo ya Kiswahili juu ya kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo mpangilio ni uleule, na bado ukiingia maduka ya kanga ya Kitumbini hapa Dar unatoka umechanganyikiwa kwa wingi wa nakshi. Mimi nikikwama nachora pindo kwanza. Mji nauacha mtupu hata siku nzima. Pindo likikaa vizuri, lenyewe linaanza kudai kitu cha kuwekwa katikati.

Au nenda Oyster Bay kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru kuja Dar kutafuta riziki, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alichora miaka michache tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi. Watalii wanaona chui na kanga mwenye madoa, wananunua, wanaondoka. Wewe kaa uangalie mchoraji anavyoanza. Anapaka mandhari yote ya nyuma, anaiweka kando ikauke, anachukua nyingine. Rangi ile inang'aa na haitaki haraka, ukiirukia mbichi inachafuka. Kwa hiyo picha inajengwa kwa tabaka, na mnyama anakuja juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Uliza wakueleze. Uliza, jamani, kuuliza hakulipiwi.

Mikeka nayo. Usiseme "nimevutiwa na mkeka", kila mtu anasema hivyo. Ugeuze, utafute mahali ukili (ule utepe uliosukwa) ulipoungwa kwa ukili mwingine, uone msusi alivyohakikisha rangi zinakutana kwenye mshono. Milango ya Zanzibar siigusi, imeshachorwa mpaka kwenye vikombe vya chai.

Na wewe mdogo wangu, mwishoni mwa ujumbe umeandika kwamba Morogoro "hakuna kitu", hadi ufike Dar. Nimesikitika. Wewe unalala chini ya milima ya Uluguru unaniambia hakuna kitu! Asubuhi ingia Soko Kuu la Chifu Kingalu wakati mizigo inashushwa. Usiende na daftari mkononi kama karani wa ushuru. Simama kwa mama anayepanga nyanya kwa mafungu, utazame anavyochagua za kukaa chini na ile moja ya kukaa juu, upande gani wa nyanya anaugeuza kwa mteja, na anafanya nini fungu likishauzwa likaacha pengo. Anayo sababu kwa kila kimoja. Ila nunua fungu kwanza, ndipo uulize. Mwenzio yuko kazini.