Mama ana kisukari na hataki mazoezi: mimi nilivyotoka kwenye kiti

Mdogo wangu, umesema mama yako ana miaka 58, ana kisukari, anashinda dukani amekaa, na kila akienda kliniki anaambiwa "fanya mazoezi" lakini hafanyi. Tafadhali usimwite mvivu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina kisukari cha aina ya pili mwaka wa tisa huu, na maneno hayo niliambiwa miaka minne. Naitikia "sawa daktari", nachukua vidonge vyangu vya sukari, metfomini, narudi kushona. Zamani nilikuwa nakanyaga pedali, angalau miguu ilikuwa na kazi. Nilipoifunga cherehani mota, miguu ikapumzika kabisa. Mazoezi niliyaona ni ya vijana wanaokimbia alfajiri, siyo ya mama mwenye khanga na magoti yanayouma.

Aliyenitoa kwenye kiti ni nesi wa kituo cha afya. Aliniuliza, "Mama, ukishakula mchana unafanya nini?" Nikamwambia naendelea kushona. Sokoni je? Bodaboda. Akanivua viatu, akanifumbisha macho, akanigusa nyayo kwa kiuzi kigumu cha plastiki. Sehemu mbili sikusikia kitu; kisukari kilikuwa kimepunguza hisia za miguu. Hapo nikamweleza kwamba niliwahi kukuta pini ya kushonea imezama kisiginoni na sijui iliingia lini. Akasema: raba na soksi, kandambili hapana, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kila jioni kuangalia nyayo kwa kioo. Kisha kwenye daftari langu, chini ya dawa, akaandika kwa kalamu nyekundu: "Kutembea dakika 10 baada ya chakula cha mchana, siku 5 kwa wiki." Kama dozi! Na mwezi uliofuata aliniuliza hiyo kabla hata hajanipima sukari. Nilijua nitaulizwa, basi nilitembea.

Alinieleza kwamba misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ya mwili ni dhaifu, ndiyo maana alichagua baada ya mlo. Tulipanda kidogo kidogo hadi dakika 30, ambazo kwa siku tano ndizo 150 za wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ilinichukua karibu miezi mitano. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilitoka 11 ikafika 7 (mmol/L), dawa zikiwa zilezile.

Angalia jambo moja: kama anatumia sindano za insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamidi, sukari inaweza kushuka njiani. Akitetemeka, akitoka jasho jembamba, moyo ukienda mbio, anywe glukosi au soda yenye sukari hapohapo. Asitoke na njaa. Kifua kikibana, aache kutembea na aende hospitali.

Kliniki ijayo nenda naye. Omba akaguliwe miguu na aandikiwe dakika zake. Kwa mwenye duka ningeanza na kunyanyuka kila nusu saa, na jioni kurudi nyumbani kwa miguu. Wiki za mwanzo tembea naye. Mimi nilikuwa na jirani yangu, na siku nilizotaka kubaki kwenye kiti ndiye aliyekuja kupiga hodi.