Udhu na Swala kwa mwenye mfuko wa haja tumboni

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Miezi minne iliyopita nilipasuliwa, utumbo mpana ukaondolewa na njia ya haja kubwa ikafungwa. Sasa haja inatoka kwenye tundu lililo chini ya kitovu, inaingia katika mfuko uliobandikwa tumboni, usiku na mchana, wala siwezi kuizuia. Nimesimamisha Swala nikingoja nipate tohara kamili. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akupe afya. Usingoje tena, anza na Swala ya wakati huu uliomo.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tundu lililofunguliwa chini ya kitovu, ilhali njia ya asili imezibwa, huchukua hukumu ya njia hiyo, na kinachotoka hapo hutengua udhu. Lakini tundu hilo halina msuli wa kuzuia, kwa hiyo umekuwa mwenye udhuru wa kudumu, mfano wa mwanamke mwenye istihadha, yaani damu inayoendelea kutoka nje ya siku za hedhi. Fatima binti Abi Hubaysh alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba damu haimkatiki, aliamrishwa aswali na atawadhe kwa kila Swala, hakuambiwa angoje damu ikome.

Basi wakati ukishaingia, mwaga kilichomo mfukoni, safisha palipochafuka, kisha utawadhe na uswali bila kuchelewa. Nia yako iwe ni kuhalalisha Swala, si kuondoa hadathi (hali ya kutokuwa na udhu), kwa kuwa hadathi yenyewe haikatiki. Kwa udhu huo utaswali faradhi moja na sunna uzitakazo, na kitakachotoka ukiwa ndani ya Swala hakikudhuru.

Mfuko wenyewe usiubandue kwa kila Swala. Hili nalisisitiza, kwani majimaji ya utumbo mwembamba yana vimeng'enya vinavyochoma ngozi, na kubandua mara tano kwa siku ni kujitia jeraha ambalo sheria haikukutaka. Kubeba najisi ndani ya Swala asili yake hakufai, ila kwako ni dharura iliyosamehewa. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Hajj, aya ya 78, kwamba hakuweka juu yetu mambo mazito katika dini.

Swala za miezi minne zilipe kidogo kidogo kadiri ya nguvu zako. Na msikitini nenda, ndugu yangu, maadamu mfuko hauvuji. Nafasi yako katika safu ni ile ile uliyokuwa nayo kabla ya kupasuliwa. Wallahu aalam.