Ukija Desemba kumrekodi bibi yako

Ipogolo, Iringa

Mwanangu,

Kamwene. Umeniuliza mambo mawili: ukija likizo Desemba uanzie wapi kumrekodi bibi yako habari za maisha yake, na kama kazi hiyo itamfaa yeye au utamchosha tu kwa faida yetu sisi. Naanza na la pili, kwa sababu hilo ndilo linaloamua la kwanza lifanyweje.

Kuna wakati hata madaktari walidhani mzee anayerudia habari za kale akili imeanza kumtoka. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba sivyo: mtu akiona siku zilizobaki ni chache huyapitia maisha yake upya ili apatane nayo, na hiyo ni kazi ya kawaida ya uzee. Alisema pia kwamba wengine kupitia huko huwaletea majuto na huzuni. Kwa hiyo itamfaa, kwa sharti moja ambalo wengi hawalitimizi: alichosema kimrudie. Vijana hurekodi, husafiri, na mzee habaki na kitu mkononi. Kwa maoni yangu, bora usianze kuliko kuishia hapo.

Sasa namna ya kuanza. Usimwambie, "Bibi, nisimulie maisha yako." Hilo ni gunia zima, halibebeki. Atakujibu kwamba alizaliwa, akaolewa, akazaa, basi. Chukua ungo na konzi ya mahindi. Mwambie akuwekee boma la kwao lilivyokuwa alipokuwa na miaka kama 10: punje hii nyumba ya mama yake, hii jiko, huku zizi, kule njia ya kisimani. Mkono ukishaanza kupanga, mdomo unafuata. Atasogeza punje moja, aseme hapana, hapa palikuwa na mti kwanza, na huo mti una habari yake. Usimkatize. Piga picha ungo kabla kuku hawajaufikia.

Kutoka hapo uliza vitu vinavyoshikika. Vinyungu vyao, yaani bustani za bondeni, vilikuwa bonde gani, walipanda nini kiangazi, nani alikuwa akichimba mifereji? Ulanzi, pombe ya mianzi, uligemwa na nani, na watoto walikatazwaje kuugusa? Nguo ya kwanza ya dukani ilinunuliwa kwa fedha ya nini? Tumia muda mrefu kwenye umri wa miaka 10 hadi 30, maana kumbukumbu za wazee wengi ni nene hapo kuliko miaka ya baadaye. Maswali ya "ulijisikiaje?" yaache. Akitaka kusema alivyojisikia, atasema akifika kwenye kitu chenyewe.

Mwache aongee Kihehe. Najua cha kwako kina mashimo, lakini Kiswahili cha bibi yako ni cha kuongea na karani na mganga wa zahanati. Akikitumia, habari inakuwa fupi na yenye adabu mno. Neno usilolijua liandike kwenye daftari, umuulize mwishoni, si katikati.

Miaka usimuulize kabisa. Mzee akiulizwa mwaka hujiona yuko kwenye mtihani. Wewe mwenyewe ndiye utakayepiga hesabu kwa matukio: fuvu la Mkwawa kurudi Kalenga ni 1954, uhuru ni Desemba 1961, kuuawa kwa mkuu wa mkoa Dk. Kleruu kule Isimani ni Krismasi ya 1971, Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ni kati ya 1973 na 1976, vita ya Kagera ni 1978 hadi 1979. Kisha ulizia mwili wake: wakati huo alikuwa bado anachunga, ameshavunja ungo, au ana mtoto mgongoni, na mtoto yupi? Ukipata jibu kama hilo kwa matukio mawili, mwaka wake wa kuzaliwa utaukaribia kuliko ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi ni wa kukisia.

Kuhusu kurekodi. Desemba ni mvua, na bati likinyeshewa husikii kitu hata usimame karibu. Mvua zetu mara nyingi huanguka mchana, kwa hiyo keti naye asubuhi, saa nne hivi, akishakunywa chai. Dakika 45 zinatosha, saa moja ndiyo mwisho. Siku moja keti, inayofuata pumzika. Usiku ulio kati ya vikao viwili humletea alivyovisahau. Simu iwe kwenye hali ya ndege, juu ya kitenge kilichokunjwa ili meza isivume, umbali wa nusu mita kutoka mdomoni mwake. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo muanze. Redio ya jirani na jogoo utavisikia wakati huo huo. Keti upande wa sikio lake zima na uongee kwa sauti nzito ya polepole. Ukipaza sauti, maneno yanazidi kuvurugika. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 10. Wengi wetu tunajaza ukimya huo na swali jipya, na lile alilokuwa akilitafuta linapotea.

Muwe wawili tu. Shangazi zako wakikaa hapo watamsahihisha, "Hapana mama, hiyo ilikuwa mwaka wa njaa," na baada ya mara tatu atawaachia wao wasimulie. Kama amekosea, acha ilivyo. Ukitaka, weka usahihisho kwenye daftari lako. Na akirudia hadithi ile ile mara ya nne, rekodi tena, linganisha kilichoongezeka.

Mwombe ruhusa simu ikiwa tayari inarekodi, na umwonyeshe jinsi ya kuizima mwenyewe. Hii si adabu ya maneno tu. Kuna sentensi kama "lile shamba la bondeni tuliazimwa tu" ambayo ikifika kwenye grupu la ukoo, mtakutana baraza la ardhi. Hakuna kitu cha kutuma popote kabla hajasikiliza na kusema ndiyo.

Watoto aliowazika usiwaulizie siku ya kwanza, wala ya pili. Atawataja akiwa tayari. Akilia, usikimbilie kumnyamazisha na usizime simu kwa hofu. Mpe maji, ngoja, muulize kama mwendelee. Lakini ukiona siku zinazofuata hapati usingizi, hataki kula, na anarudia kosa moja la zamani akijilaumu, acha kazi. Hapo anamhitaji mchungaji wake au mtu wa hospitali, na swali jingine kutoka kwako litamuumiza.

Kila jioni hamishia sauti kwenye kompyuta na kwenye flashi, mahali pawili, jina la faili lianze na tarehe. Kuandika ndiko kutakakokutoa jasho: saa moja ya maneno hula saa nne hadi sita za kuandika. Kwa hiyo usirekodi vikao 12 halafu ukashindwa. Vikao vitano vinatosha. Andika maneno yake kama alivyoyasema, toa marudio ya ulimi tu, usimpambe.

Kisha mrudie na rasimu umsomee kwa sauti, kurasa tatu au nne kwa siku. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Atasema ondoa hili, atasema umesahau lile, atacheka mahali ambapo hukutegemea. Ukimaliza, chapa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 18, upande mmoja wa karatasi, steshenari ya mjini wakufungie kwa waya wa plastiki. Kurasa 30 ataweza kuzipakata mapajani. Nakala ya kwanza ni yake, na aamue yeye nani apewe ya pili.

Njoo na miwani ya kusomea. Yake imevunjika mkono na ameifunga kwa uzi.

Mama yako