Kocha mpya, kabla hujabandika picha ya nyota mlangoni

Wadogo zangu mnaoanza kufundisha soka la watoto hapa Kigoma, mzazi atakuja pembeni ya uwanja akuulize: "Kocha, huyu mchezaji anayeigwa na mwanangu, anafaa kweli kuigwa?" Mimi nilichelewa kupata jibu.

Mwaka wangu wa kwanza pale Mwanga nilibandika picha ya nyota mmoja wa Ulaya kwenye mlango wa chumba cha vifaa, nikawaambia watoto, kuweni kama huyu. Kijana mmoja wa miaka 12 akaandika namba ya yule nyota kwa mkaa mgongoni mwa fulana yake. Jasho likiifuta, anaiandika upya. Siku moja nilimtoa kipindi cha pili. Akavua fulana, akaitupa mchangani, akanipita bila kunipa mkono. Nilipomuuliza, akasema: "Kocha, si ulimwona jana kibanda umiza? Hata yeye alifanya hivyo." Nilikosa la kumjibu, maana mimi ndiye niliyemwagiza awe kama huyo.

Tangu siku hiyo nawasimulia watoto tendo moja tu, nalieleza vizuri, kisha tunaendelea na mazoezi. Makipa nawapa habari za Juma Kaseja, mtoto wa hapa hapa Kigoma. Mwaka 2003 alikuwa golini Simba ilipoitoa Zamalek ya Misri kwa penalti. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, alikuwa golini Taifa Stars ilipoitoa Burundi, tena kwa penalti. Hapo nawahesabia miaka 16 ya katikati, kwa sababu kipa wa mtaani akifungwa matatu Jumamosi, Jumatatu humwoni.

Wakianza kukatisha njia tunapozunguka uwanja, nawapa mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968. Walianza 75, wakamaliza 57, na yeye akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji.

Ya aibu pia wasimulieni wale wakubwa. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, alichangisha fedha za wagonjwa wa saratani, na mwaka 2012 akanyang'anywa mataji yake yote 7 ya mbio za baiskeli za Tour de France kwa dawa zilizopigwa marufuku. Ni mtu yule yule. Mtoto wa miaka 15 analielewa hilo kuliko tunavyodhani.

Nyota analipwa kwa miguu yake. Hajui kama kuna mtoto wa mvuvi kule Kibirizi anayemtazama kila wiki, na sioni haki kumtwisha malezi ya mtoto huyo. Sisi tunaonekana kila jioni: tunavyomsemesha mwamuzi, tunavyochelewa, tunavyomwita mtoto aliyekosa penalti.

Ile picha niliibandua. Mlangoni sasa kuna karatasi ya zamu ya kubeba mipira na ndoo ya maji, na Jumatatu pameandikwa jina langu.