Maswali na Majibu: Asili ya Neno "Education"

Swali: Mgeni rasmi katika mahafali ya shule yetu alisema neno la Kiingereza "education" limetokana na neno la Kilatini educere, yaani kukitoa nje kipaji kilichomo ndani ya mtoto. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, na kwa kuwa swali hili hunijia kila msimu wa mahafali, nawaomba waandishi wa hotuba wafungue kwanza kamusi ya Kilatini. Asili yake ni educatio, nomino ya kitenzi educare, yaani kulea na kulisha mpaka kiumbe kikue. Educere, kutoa nje, kina nomino yake, eductio. Warumi walitumia educare hata kwa mimea: mshairi Catullus anasema juu ya ua la bustanini kwamba upepo hulibembeleza, jua huliimarisha na mvua hulilea, na kwa mvua ametumia kitenzi hicho hicho. Varro, mwanazuoni wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aligawa kazi waziwazi: mkunga hutoa, yaya hulea, msimamizi wa watoto huadibisha, mwalimu hufundisha. Kutoa huko ndiko educere, na wa kutoa ni mkunga. Anayetaka kuhubiri kwamba mtoto huzaliwa na maarifa ndani yake ajiegemeze kwa Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, akiache Kilatini.

Swali: Kumbe vitenzi hivyo havina undugu?

Jibu: Vinao, kupitia ducere, kuongoza, tena Plautus, mtunzi wa tamthilia, alitumia educere kwa maana ya kulea pia. Hata hivyo, nomino ina mzazi mmoja tu.

Swali: Je, "elimu" nalo ni Kilatini?

Jibu: Hapana, ni Kiarabu.

Swali: Waingereza walianza lini kulitumia neno "education"?

Jibu: Katika karne ya 16, wala halikuhusu darasa peke yake. Katika tamthilia ya Shakespeare, The Taming of the Shrew, Christopher Sly anajitambulisha kuwa kwa kuzaliwa ni mchuuzi, na kwa "education" ni mtengenezaji wa vitana vya kuchania sufu, yaani ndiyo kazi aliyolelewa nayo.

Swali: Bodi yetu imeamua kuandika Educere getini kama kaulimbiu ya shule. Unaonaje?

Jibu: Julius Caesar alitumia kitenzi hicho kwa kulitoa jeshi kambini na kwa kuchomoa upanga. Ikiwa mchoraji hajaanza kazi, andikeni kwa Kiswahili, wazazi wasome.