Nyumba ya kona England: uzio upi hauhitaji kibali cha halmashauri?

SWALI: Tumenunua nyumba ya kona mjini Northampton. Uzio wa mbao wa bustani ya nyuma umeoza. Upande mmoja tunapakana na jirani, upande wa pili ni barabara ya mtaa. Fundi anataka kusimamisha paneli za futi sita juu ya ubao wa zege, na juu ya paneli aweke kimia cha mbao cha kupandishia maua. Anasema chini ya mita mbili hakuna kibali kinachohitajika. Mbele ya nyumba nako tunataka uzio, watoto wasikimbilie barabarani. Yuko sahihi?

JIBU: Kwa upande wa jirani kanuni anayoitaja ni ya kweli, ila uzio anaoueleza unaivuka. Kwa upande wa barabara na mbele ya nyumba, mita mbili si kipimo chenu kabisa.

England ina amri ya mwaka 2015, maarufu kwa herufi GPDO, inayotoa ruhusa ya jumla kwa ujenzi mdogo ili watu wasipeleke maombi kwa kila kitu. Uzio, ukuta na geti vimo katika Jedwali la 2, Sehemu ya 2, Daraja A. Vipimo ni viwili: mita 1 pale uzio unapokuwa kando ya barabara inayopitiwa na magari, na mita 2 kwingineko. Nyumba ya katikati ya mtaa hukutana na kipimo cha mita 1 mbele tu. Nyumba ya kona hukutana nacho mara mbili, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu ubavu wa bustani ya nyuma wanauhesabu kuwa ni nyuma ya nyumba. Sheria haiangalii kama ni mbele au nyuma, inaangalia barabara.

Tuanze na jirani. Kinachopimwa ni uzio uliokamilika, kuanzia usawa wa ardhi hadi ncha ya juu kabisa. Kimia kinahesabiwa, na vifuniko vya nguzo vinahesabiwa. Paneli ya futi sita ni mita 1.83. Ukiiweka juu ya ubao wa zege wa sentimita 15 unafika mita 1.98, umo ndani. Ubao wa sentimita 30 unakupeleka mita 2.13, umeshatoka. Na kimia cha sentimita 30 juu ya ile 1.98 kinakufikisha mita 2.28. Mkitaka maua kweli, chukueni paneli ya futi tano, yaani mita 1.52, ubao wa sentimita 15 na kimia cha sentimita 30: jumla mita 1.97.

Nguzo nazo zina hesabu yake. Nguzo ya zege ya futi nane ni mita 2.44, ukifukia sentimita 60 inabaki 1.84 juu, haitoshi kushika paneli na ubao. Ya futi tisa, mita 2.74, ikifukiwa sentimita 75 inabaki 1.99. Fundi akikutana na mawe akaishia sentimita 60, kila nguzo itasimama mita 2.14 na uzio mzima umepitiliza, hata kama paneli ziko sawa. Pia msijaze udongo kwanza kuinua bustani kisha mkapima kutoka juu yake. Halmashauri itauliza usawa wa ardhi ulivyokuwa kabla.

Sasa barabarani. Neno "kando ya" halina maana ya kugusana. Njia ya waenda kwa miguu ni sehemu ya barabara, na uzio uliorudishwa ndani nusu mita, ukiacha tuta dogo la maua, kwa kawaida bado huhesabiwa kuwa kando ya barabara, kwa sababu anayepita anauona kuwa ndio mpaka wa kiwanja na mtaa. Amri haikutaja umbali maalumu. Kila eneo huamuliwa kwa hali yake, kwa hiyo msijenge kwa kutegemea sentimita chache za kurudi nyuma.

Je, uzio wa zamani upande huo ulikuwa mrefu? Kama ulikuwepo kihalali kwa mita 1.8, amri inaruhusu kuutunza, kuuboresha au kuubadilisha hadi urefu ule ule wa awali. Lakini mkiung'oa wote na kuacha mpaka wazi, halmashauri inaweza kusema mlichosimamisha baadaye ni uzio mpya, na uzio mpya kando ya barabara ni mita 1. Kabla fundi hajagusa msumari, pigeni picha zenye futi ya kupimia imeegemezwa kwenye uzio, sehemu kadhaa, tarehe ionekane. Kisha abadilishe paneli moja moja kati ya nguzo zilizopo, na nguzo iliyooza aibadilishe pale pale ilipo.

Mbele, mita 1 inajumuisha geti na nguzo zake. Paneli ya futi tatu, sentimita 91, ikiachiwa nafasi ya sentimita 5 chini isioze kwa maji, inafika 96. Chagueni ya fito zenye mwanya. Kuna sharti lisilosomwa na wengi: ruhusa hii haihusu kitu kinachoziba upeo wa macho wa watumiaji wa barabara kiasi cha kuleta hatari. Kwenye kona hilo ni jambo la uhai wa watu, hata uzio ukiwa chini ya mita 1. Anayehitaji faragha zaidi apande ua wa mimea nyuma ya uzio, mbali na pembe ya kona. Mimea si ujenzi, haina kikomo katika amri hii. Ila miti isiyopukutisha majani ikipita mita 2 na kumzibia jirani mwanga, sheria ya mwaka 2003 inampa njia ya kulalamika halmashauri.

Yote haya yanaanguka kama nyumba ni jengo la kihistoria lililoorodheshwa, au kama ruhusa ya jumla iliondolewa. Kwenye mitaa mipya huondolewa mara nyingi kwa sharti la kibali cha awali, hasa pale bustani za mbele ziliachwa wazi kwa makusudi. Tafuteni anwani yenu kwenye tovuti ya halmashauri, sehemu ya mipango, msome masharti ya kibali cha kwanza cha mtaa. Kisha someni hati ya umiliki: katazo la uzio ndani ya hati ni mkataba tofauti, na ruhusa ya halmashauri hailifuti.

Uzio ukizidi kipimo, kosa ni la uzio mzima, si la sentimita zilizozidi tu. Kwa ujenzi uliokamilika kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, halmashauri ina miaka 10 ya kuchukua hatua. Awali ilikuwa 4.

Mkitaka mita 1.8 barabarani na hakuna uzio halali wa zamani wa kutegemea, ombeni kibali. Maombi ya aina hii hupangiwa wiki 8. Uzio uliorudishwa ndani, wenye mimea upande wa mtaa na unaolingana na wa majirani, una nafasi nzuri kuliko mbao tupu zilizobanana na njia. Na kwenye makubaliano na fundi, andikeni urefu wa juu kabisa kwa kila upande, mkitaja kwamba nguzo na vifuniko vimo ndani ya kipimo hicho.