Maswali ya wasomaji: Ghorofa limetuzibia bahari, tukamlalamikie nani?

SWALI: Shikamoo mama. Sisi tunakaa Upanga ile pande ya Sea View, flati ya juu kabisa, marehemu baba alituhamishia hapo tukiwa wadogo. Bimkubwa kila jioni anakaa roshani anaangalia meli zilizotia nanga zinasubiri kuingia bandarini, anazihesabu kabisa, leo sita, leo nane. Mwaka jana mbele yetu wakabomoa nyumba ya zamani wakazungushia mabati, sasa hivi jengo liko ghorofa ya 14 na bado linapanda, bahari haionekani hata kidogo na upepo umekata, feni zinazunguka mchana kutwa. Je kisheria tunaweza kudai? (Msomaji, Upanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na bimkubwa mpe pole nyingi sana, yani hapo kwenye kuhesabu meli nimesoma mara mbili.

Nianze na lenye kuuma. Bahari kama bahari hamtaipata. Sisi tulirithi sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na huko msimamo ni wa zamani mno, mwaka 1610 bwana mmoja anaitwa William Aldred alimshtaki jirani aliyejenga banda la nguruwe ubavuni mwa nyumba yake, akashinda kwa sababu ya ile harufu, lakini majaji wakasema wazi kwamba mandhari ni starehe ya macho tu, mtu akikuzibia huna cha kumdai. Hewa na mwanga wakaviweka fungu lingine kabisa. Kwa hiyo mkienda kwa wakili msianze na meli, anzeni na upepo na mwanga.

Na upepo kwa Dar sio jambo dogo jamani. Kaskazi ikianza kuvuma kuanzia Novemba mpaka Machi inatoka baharini inaingia moja kwa moja Upanga, na ndio miezi ya joto lenyewe. Waliojenga zile flati za zamani walilijua hilo, ndo maana utakuta ngazi ziko wazi, matofali ya matundu, madirisha yanatazamana huku na huku ili hewa ipite. Ile nyumba ilijengwa ipoe bila umeme, sasa ukisimamisha ukuta wa ghorofa 14 mbele yake umeizima. Na sio urefu peke yake unaoua upepo, ni upana, jengo jembamba lililoacha nafasi pembeni hewa inalizunguka inaendelea na safari, ila lile lililojaza kiwanja kutoka mpaka hadi mpaka, chini maegesho ghorofa tatu nne, juu flati, hilo ni ukuta.

Cha kufanya wiki hii: nendeni ofisi ya mipango miji ya halmashauri, muende majirani watatu wanne sio wewe peke yako, na mpeleke barua muigongeshe muhuri. Ulizeni vitu vitatu, kiwanja kilikuwa cha matumizi gani na kama yalibadilishwa kwa kufuata Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kibali kimeruhusu ghorofa ngapi, na jengo lilitakiwa liache mita ngapi kutoka mpakani. Afu rudini mhesabu ghorofa wenyewe na kupima ile nafasi. Likizidi hata ghorofa moja juu ya kibali hapo mna hoja yenye meno. Likiwa limefuata kibali itakuwa ngumu, na ndio maana siku zote nasema majirani waamke pale mabati yanapozungushwa, nguzo zikishatoka juu umechelewa.

Kuna jambo jingine linanikaa moyoni kuliko hilo la roshani. Mandhari ya kwako binafsi sheria haiyalindi, sawa, lakini mandhari ya wote mji unaweza kuyalinda ukiamua. London tangu miaka ya 1930 walijiwekea masharti ya urefu ili kuba la kanisa la St Paul's lisizibwe, na lile jengo lao la Leadenhall lenye mita 225, lililokamilika 2014, upande mmoja limelala kama ngazi ya kuegemeza ukutani, na sababu ni kwamba ukisimama Fleet Street bado uone kanisa. Vancouver, mji wa Kanada, nao mwaka 1989 walichora kwenye ramani sehemu za kusimama, wakasema ukiwa hapa lazima milima ionekane. Wanajenga marefu vilevile, ila kila mjenzi anajua mapema asimame wapi.

Sisi tumechora wapi? Mimi nimevuka na pantoni tangu nasoma shule ya msingi. Ukitoka Kigamboni unaelekea Magogoni, kushoto kwako ulikuwa unaona mnara wa Azania Front na vile vipaa vyake vyekundu juu ya madirisha, mbele kidogo ncha ya St Joseph, makanisa yote mawili ya tangu enzi za Mjerumani, na ndio yalikuwa alama ya kwamba umefika mjini. Leo kuna jengo la Mamlaka ya Bandari na yale pacha yaliyokuwa ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma uliounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, yenye ghorofa 35, na ile ncha ya St Joseph lazima uitafute.

SWALI: Mama mi nakaa Kigamboni, usiku taa za majengo ya Posta zikiwaka kwenye maji ni raha tupu, napiga picha kila siku. Kwani mnaolalamikia magorofa mnataka mji ubaki kijiji? (Kijana wa Feri)

JIBU: Hapana mwanangu, hata mimi hizo taa nazipenda. Watu wanaongezeka, ardhi ya katikati ni ileile, lazima tupande juu. Ninachotaka ni tuchague yapande wapi na tuache nafasi gani kati yake. Kesho panda pantoni ya saa kumi na mbili jioni kabla taa hazijawaka, kaa upande wa kushoto, piga picha ile Azania Front ukiwa katikati ya maji. Ukishaipata nitumie na mimi, na uandike tarehe.